Njaa Penye Mavuno: Somo Kutoka Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake vyote, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad pamoja na jamaa zake na masahaba wake, twasema:

Ndugu msomaji, mbatata unazozila Mombasa, ziwe ndani ya mchuzi au zimekaangwa karaini na kuuzwa njiani jioni, hazikuota katika mchanga wetu wa pwani. Kabeji na karoti zishushwazo alfajiri katika soko la Kongowea nazo ni vivyo hivyo. Nyingi katika hizo huteremka kwa malori kutoka nchi za juu: Meru, Nyandarua, Nyeri na majirani zake. Basi Mlima Kenya, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho, kila siku twala katika udongo wake.

Tena huko tuna jamaa zetu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 watu wa pwani walipanda bara kwa biashara, kwa uaskari na kwa kazi za safari, wakakaa katika miji iliyokuwa ikizaliwa, wakajenga misikiti, wakaoa na kuzaa. Ukifika Nyeri au Nanyuki leo na kuuliza Majengo ni wapi, utaonyeshwa mtaa ambao ndani yake Kiswahili kina umri wa babu na wajukuu.

Kwa sababu hizi mbili, chakula na udugu, tumeona darasa ya mwezi huu iwe juu ya suali ambalo nchi ile yatuuliza sisi: Vipi mahali panapowalisha wengine pakawa na watu wanaolala na njaa? Na ikiwa hivyo ndivyo, majirani yawapasa kufanya nini?

KAUNTI MOJA, HALI MBILI

Karatina ni mji katika kaunti ya Nyeri, kando ya njia iendayo Nanyuki. Soko lake lahesabiwa miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika ya Mashariki. Siku ya soko utaona vilima vya mbatata, kabeji, ndizi, maharagwe na maparachichi, na wanawake wengi wauzao na kununua, na magunia yakipakiwa kwenda miji ya mbali. Mtu akisimama pale na kuambiwa kwamba kaunti hii imo katika orodha ya nchi za ukame, huenda akacheka.

Lakini ni kweli imo. Mamlaka ya serikali ya Kenya ya kukabiliana na ukame huziangalia kaunti 23 zilizo kavu au zilizo nusu kavu, na Nyeri ni mojawapo kwa ajili ya sehemu yake iitwayo Kieni. Sehemu hiyo iko baina ya Mlima Kenya na safu ya milima ya Nyandarua, upande ambao mvua hufika ikiwa imekwisha kumwagika kwengine. Anayetoka Karatina asubuhi kwenda Naro Moru, iliyo Kieni, hufika kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo masafa ya baina ya vilima vya mbatata na watu ambao katika miaka ya ukame huletewa chakula cha msaada.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wenzetu peke yao. Katika orodha hiyo hiyo zimo Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta, yaani kaunti zote za pwani isipokuwa Mombasa. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ukaharibu misimu mitano ya mvua kwa mfululizo, uliwafikisha watu zaidi ya 4 milioni wa kaunti hizi 23 katika haja ya chakula mwanzoni mwa 2023. Wengi katika hao walikuwa katika nchi yenye masoko yaliyojaa. Chakula kilikuwako, bali hawakuwa na fedha za kukinunua, au hawakuwa na njia ya kukifikia.

NJAA NA MAJINA YAKE

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuzipa njaa majina, na majina hayo ni madarasa.

Njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19 iliipiga pwani na bara pamoja. Ndugu zetu Wamijikenda waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka iliyoletwa kuwaokoa watu. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, kwa kuwa iliandamana na kuingia kwa wageni. Katika njaa hiyo watu wengi wa kusini, upande wa Kiambu, waliyahama majumba yao wakaelekea kaskazini, Murang'a na Nyeri, ambako chakula kilikuwa kingalipo. Basi zama zile Nyeri ilikuwa makimbilio.

Mwaka 1943 ikaja njaa nyingine, Wakikuyu wakaiita Ng'aragu ya Mianga, maana yake njaa ya muhogo, kwani muhogo ndio ulioletwa kuwaziba watu matumbo, nao hawakuwa wameuzoea. Tazama, ewe msomaji wa pwani: chakula ambacho kwetu ni cha kila siku, cha kutiwa nazi na kuliwa kwa samaki, kwa wenzetu kiligeuka kuwa jina la msiba. Na wakati huo huo wa vita, pale pale Karatina, palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya chakula cha majeshi. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa. Hekima ya kukausha mboga ili zisioze ilikuwako, lakini haikuwekewa mwananchi.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwakusanya Wakikuyu zaidi ya 1 milioni katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa maboma, Nyeri ikiwa katikati ya taabu hiyo. Watu walizuiliwa kutoka, wakawa wanayaona mashamba yao na hawawezi kuyalima wala kuyavuna kwa wakati wake. Wakafa watu kwa njaa, khasa watoto na wazee, na hali udongo ni ule ule uliokuwa ukiwalisha.

Ukiyaweka mambo haya matatu pamoja utaona kwamba njaa haiji kwa kukosekana chakula peke yake. Mara nyingi huja kwa kukatika njia iliyo baina ya chakula na mlaji. Mwanachuoni wa uchumi Amartya Sen, ambaye akiwa mtoto aliiona kwa macho yake njaa ya Bengal ya mwaka huo huo 1943, aliandika jambo hili kwa dalili nyingi katika kitabu alichokitoa 1981: watu walikufa huku chakula kikiwako nchini, kwa kuwa walikuwa wamepoteza uwezo wa kukipata. Basi anayetaka kupigana na njaa na atazame kwanza ni wapi njia imekatika.

CHAKULA HUPOTELEA WAPI

Katika nchi ya Mlima Kenya njia hukatika mahali pengi, nasi tutapataja panne.

Pa kwanza ni shambani. Wakulima wengi hupanda pamoja na kuvuna pamoja, kwani mvua ni moja. Mavuno yakitoka kwa wingi bei huanguka, hata huenda gharama ya kuchuma na kupakia ikazidi thamani ya kabeji zenyewe. Mkulima huona nafuu kuwapa ng'ombe au kuziacha zioze.

Pa pili ni njiani na sokoni. Mvua ya masika hugeuza njia za mashamba kuwa matope, lori likakwama, na mboga hazingoji. Na zikifika sokoni, kisichouzwa jioni hakina ghala ya baridi ya kulala.

Pa tatu ni katika vituo vya kufungasha mboga za kupelekwa ng'ambo. Pande za Mwea, Nanyuki na Timau hulimwa maharagwe mabichi ambayo wakulima huyaita mishiri. Maduka ya Ulaya huyataka yawe yamenyoka na kwa kipimo kimoja. Lililopinda hukataliwa, ijapokuwa utamu wake ni mmoja na lile lililonyoka. Februari 2013, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwaandalia mawaziri na wageni wa nchi mbali mbali karamu mjini Nairobi, na chakula chake kilikuwa mboga na matunda ya Kenya yaliyokataliwa na maduka ya Uingereza kwa sababu ya sura tu. Zilikusanywa kiasi cha kilo 1,600 kwa karamu hiyo na kwa kuwapa wenye haja. Wakubwa wakala, wakashiba, wala hapana aliyeulizia kama haragwe lilikuwa limepinda.

Pa nne, nduguzo, ni majumbani mwetu. Shirika hilo hilo lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba katika mwaka 2022 ulimwengu ulitupa chakula tani 1,050 milioni, na zaidi ya nusu yake kilitupwa na watu majumbani, na hali watu 783 milioni walikuwa na njaa. Hatuwezi kuwalaumu wafanya biashara wa Ulaya kwa haragwe lililopinda, nasi katika harusi zetu twapika pilau ya kuonyeshana, sinia zikarudi nusu, na asubuhi wali ukamwagwa jaani, huku mlinzi aliyelinda magari ya wageni usiku kucha akiwa hakuonja. Israfu imeharamishwa kwa tajiri kama ilivyoharamishwa kwa maskini, wala haigeuki kuwa ukarimu kwa kuwa imefanywa mbele za watu.

BENKI YA CHAKULA NI NINI

Katika zama hizi limeenea neno "benki ya chakula", na wengine wetu walisikiapo hudhani ni jambo la kukopesha na riba. Sivyo. Asili yake ni hii:

Katika mji wa Phoenix, Marekani, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akijitolea katika jiko la kuwapikia maskini. Akakutana na mama mmoja mwenye watoto wengi, ambaye alikuwa akiwalisha kwa vyakula vilivyotupwa na maduka, vingi vyao vikiwa vizima. Mama yule akasema kwamba ingefaa pawe na mahali kama benki, ambapo mwenye ziada ataweka na mwenye haja atatoa. Basi mwaka 1967 mtu yule, kwa msaada wa kanisa la mji huo, akafungua ghala ya kwanza ya namna hiyo. Leo ziko katika nchi nyingi, na tangu 2006 uko muungano wa ulimwengu, Global FoodBanking Network, unaoziunganisha. Kenya nayo imo kwa chama kiitwacho Food Banking Kenya, ambacho huzikusanya mboga na matunda ya ziada kutoka kwa wakulima na wafungashaji, kikavipeleka kwenye mashule, nyumba za watoto na mitaa ya wenye haja.

Sisi Waislamu tukilitazama jambo hili kwa uadilifu tutaona kwamba si geni kwetu. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) twakisoma tangu utotoni: mavuno ya miaka ya neema yakahifadhiwa katika mashuke yake kwa ajili ya miaka ya dhiki, na msimamizi akawa mtu mwenye ujuzi na uaminifu. Mwaka 1552, Khurrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman, aliweka wakfu jiko katika mji wa Baitul Muqaddas, akalipa vijiji na mashamba ambayo mapato yake yawe ya mkate na supu ya mafakiri. Jiko hilo limewapikia watu hadi zama zetu. Na sisi wenyewe kila mwisho wa Ramadhani twapima pishi ya chakula cha mji wetu, tukaitoa kabla ya sala ya Idi ili asiwepo mwenye kuomba siku ile. Ndani ya zakatul-fitri mna kipimo, mna wakati, na mna mtu maalumu wa kupewa. Lililobaki ni kuupeleka mpango huo katika miezi mingine kumi na mmoja, kwani njaa haingoji mwezi uandame.

SI LAZIMA KUANZA NA MALI NYINGI

Huenda mtu akasema: Hayo ni mambo ya masultani na mashirika makubwa, sisi tutayaweza wapi? Jawabu lake liko huko huko Nyeri.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika miaka ya 1970, alipokuwa akifanya kazi na Baraza la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia ukosefu wa kuni, maji safi na chakula chenye kujenga mwili. Akastaajabu kusikia kwamba watoto wa nchi yake yenye rutuba wana maradhi ya upungufu wa chakula. Sababu ilikuwa kwamba mashamba yaliyokuwa ya chakula yalikuwa yamekwisha kutiwa kahawa na chai za kuuzwa, na kwa uchache wa kuni wanawake walikuwa wakipika vyakula vyepesi visivyohitaji moto mwingi. Basi mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti, wanawake wakiotesha miche wenyewe na kulipwa kijisehemu cha fedha kwa kila mche uliosalimika. Ilipofika 2004, alipopewa tunzo ya amani ya Nobel, wanawake wale walikuwa wamepanda miti zaidi ya 30 milioni.

Lenye mafunzo kwetu hapa ni kwamba malipo yalikuwa kwa mche uliosalimika, si kwa mche uliopandwa mbele ya wapiga picha. Na waliotenda walikuwa majirani, kila kikundi katika mtaa wake. Wakikuyu wana neno ngwatio kwa kazi ya kusaidiana mashambani, nasi pwani tuna kula kikoa, ambapo kila mmoja huleta kwa zamu yake. Mila hizi mbili ni mama mmoja.

MASUALI MATATU NA MAJIBU YAKE

La kwanza: Je, kuondoa njaa si kazi ya serikali? Twajibu: Naam, ni kazi ya serikali, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Haki hiyo yapasa kudaiwa, na wenye madaraka waulizwe juu ya njia za mashamba na ghala za baridi. Lakini mtoto wa jirani hawezi kula kifungu cha Katiba usiku wa leo. Kuidai haki na kumlisha mwenye njaa ni mambo mawili yaendayo pamoja, na mmoja hauondoi wajibu wa mwingine. Mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya aliyeshiba na jirani yake mwenye njaa yajulikana na kila mtoto wa chuoni, wala hayakusema kwamba jirani na apelekwe kwa mtawala kwanza.

La pili: Je, kuwapa watu chakula si kuwafundisha uvivu? Twajibu: Watazameni kwanza ni nani hao wenye njaa. Nenda katika soko lolote la miji ile ukawaone wapagazi walioinamishwa na magunia ya viazi, na akina mama wamenyao njegere kwa ujira wa siku, na vibarua wa mashamba ya wenyewe. Hao wafanya kazi kuliko wengi wetu, na siku mvua ikizuia kazi au mtoto akiugua, hawana akiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwa kutomjua humtukana.

La tatu, nalo ndilo lililozua maneno katika darasa yetu: Je, chakula hiki wapewe Waislamu tu? Twajibu kwa kupambanua. Zaka ya faradhi ina mafungu yake manane, na zakatul-fitri ina hukumu zake. Mali hizo zisichanganywe na nyingine, ziwe na daftari lake na ziende kwa wenyewe kwa mujibu wa fikihi. Ama sadaka na ziada za mashamba, masoko na karamu, mlango wake ni mpana, na jirani hakuulizwa dini yake ili awe jirani. Huko Nyeri Waislamu ni wachache. Kabeji wanazozipata kwa sadaka zimelimwa na Wakristo na zimebebwa na Wakristo. Itakuwa ni aibu kubwa tukipokea kwa mkono mpana na kutoa kwa mkono uliofumbwa. Na mtoto mwenye njaa akiondoshwa mlangoni mwa msikiti kwa sababu ya jina lake, hapana wa'adhi utakaoufuta mwendo huo katika moyo wake.

NAMNA YA KUANZA

Tumekwisha kusema ya kutosha juu ya kwa nini. Sasa tuseme juu ya vipi. Haya ndiyo tunayoyaona yafaa kwa mtaa wowote, uwe Majengo ya Nyeri au Kisauni ya Mombasa.

Kwanza, wajulikane wenye haja. Kila kundi la nyumba liwe na watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, waandike nani mjane, nani mzee asiye na mtoto, nani ana mgonjwa, nani amepoteza kazi. Orodha hii ni siri, isisomwe msikitini wala isipitishwe katika simu za watu.

Pili, zijulikane ziada. Wafuatwe wenye mashamba siku za mavuno, wauzaji jioni ya soko, wenye mahoteli na wenye kuoka mikate, na wenye harusi kabla ya harusi. Lori lirudilo Nyeri kutoka Mombasa lisirudi tupu ikiwa huku kuna nazi, maembe au samaki mkavu wa ziada. Njia moja iletayo mbatata yaweza kupeleka kitu.

Tatu, chakula kiwekwe vyema. Mbatata zikae gizani penye ubaridi na upepo, kwani zikipigwa na mwanga hugeuka kijani zikawa na sumu. Mboga za majani zaweza kuwekwa siku kadha katika chumba ambacho kuta zake ni nyavu za waya mara mbili zilizojazwa makaa na kumwagiwa maji: maji yanapokauka huondoa joto ndani, wala hapahitajiwi umeme. Mboga nyingine zikatwe na kukaushwa, kama walivyokaushiwa askari Karatina. Ama nafaka, na iogopwe unyevu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yaliyoota kuvu la sumu. Basi kilichoharibika kitupwe au kifanywe mbolea, asipewe maskini kwa hoja kwamba yeye hana la kuchagua. Sadaka hutolewa katika kilicho kizuri.

Nne, iwepo amana inayoonekana. Mizani iwekwe mlangoni. Kila kiingiacho kipimwe na kuandikwa, na kila kitokacho vile vile. Ghala iwe na funguo mbili kwa watu wawili wasio jamaa. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi, ya magunia na ya senti. Vyama vyetu vingi havikufa kwa kukosa watoaji. Vilikufa siku mtu mmoja alipouliza hesabu akaambiwa kwamba ana fitina.

Tano, ihifadhiwe heshima ya mpokeaji. Asipangwe juani akangojeshwa mgeni rasmi. Asipigwe picha. Apewe kama apewavyo jamaa, kifurushi kikipelekwa nyumbani jioni au kikichukuliwa kwa wakati wake. Aliyetoa gunia moja la viazi na kuchukua uso wa mwenziwe akautangaza, amechukua zaidi ya alichokitoa.

Sita, mpokeaji awezeshwe naye awe mtoaji. Apewe mbegu na afundishwe kilimo cha guniani: gunia kuukuu hujazwa udongo na mbolea, likawekwa mawe katikati ya kupitishia maji, likatobolewa ubavuni na kupandwa sukuma na mchicha kila tundu. Hata aishiye chumba kimoja mjini, mwenye kipembe cha ua, aweza kupata mboga ya nyumba yake, na siku zikizidi akaleta fungu moja ghalani. Siku hiyo jina lake huhamishwa kutoka daftari la wapokeaji likaingia katika la watoaji, na hapana sherehe iliyo bora kuliko hiyo.

KHATIMA

Mwaka 2011, ukame ulipoyapiga majimbo ya kaskazini, Wakenya walichangishana kwa jina la Kenyans for Kenya, wengi wao wakituma shilingi kumi kumi kwa simu, na kwa wiki chache zikapita shilingi 500 milioni. Jambo lile lilitufundisha kwamba moyo wa kutoa tunao. Lakini moyo ule huamshwa na picha ya mtoto aliyekonda, na picha ikiondoka gazetini hulala tena. Tunalolihitaji ni moyo wenye ghala, mizani na daftari, ulio macho hata mwaka ambao magazeti hayasemi kitu.

Tumeona kwamba babu zetu wa pwani waliita njaa yao Magunia, kwa sababu uokozi wao ulifika umefungwa katika gunia lililotoka mbali. Sisi leo magunia yatupita mlangoni kila alfajiri, yakishuka kutoka nchi ambayo nayo ina wenye njaa, na huku ndani mwetu mna wenye njaa. Hatuna udhuru wa kungoja meli.

Basi, ndugu zetu, darasa hii isiishie katika kusomwa. Ijumaa ijayo, baada ya sala, na wakae watu watano wa kila mtaa, waandike majina kumi ya wenye haja na majina kumi ya wenye ziada, kisha watafute chumba kimoja chenye mlango wa kufungika. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ndicho kipimo kinachoingia sufuriani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe tawfiki ya kulitenda tulilolisema, azibariki mvua za mlima na za pwani, na asitujaalie kuwa katika wale ambao jirani zao watawashitaki mbele yake. Amin.